Zamu ya Kaka Yetu, Meya Aliyeitwa Greda

Ndugu waombolezaji, majirani, viongozi mliokaa kwenye viti vyenye mito, na nyinyi wa nyuma kabisa mliokuja kuhakikisha kwamba ni yeye kweli: karibuni, na poleni na jua. Ni yeye. Nimemnyoa mwenyewe jana, na kidevu kile nakijua.

Marehemu alikuwa kaka yetu, mtoto wa pili kati ya watatu. Kwa wapiga kura alikuwa Mheshimiwa Meya. Kwa mji mzima alikuwa Greda, na jina hilo halikumuudhi hata chembe. Kampeni ya mwisho alilichapisha kwenye fulana. Wasifu huu ni wa familia: dada yetu mkubwa amesema, na mimi kitinda mimba, kinyozi, nimeandika. Katibu wa chama alitaka upitie kwake kwanza. Dada alimwambia alete ombi, aliache mapokezi, asubiri kuitwa. Mapokezi yenyewe ni mlango wa jiko la shule anakopikia Dada. Katibu anasubiri mpaka sasa, yule pale mwenye miwani.

Kabla ya kufa, marehemu aliomba kitu kimoja tu: alazwe kando ya mama. Mnaoangalia shimo hili lilipo, huku mwisho wa mwisho karibu na uzio, mnajiuliza kulikoni. Vumilieni, nitafika huko.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyopakana na kiwanda cha mbao. Dada anasema alitoka analia kwa sauti ya mtu anayelalamikia huduma. Baba alikuwa mpasuaji mbao pale kiwandani. Msumeno ulimchukua vidole, baadaye homa ikamchukua yeye mzima, mimi nikiwa bado tumboni. Mama akabaki na watoto watatu na beseni. Alifua nguo za watu. Akikushika shavuni ulisikia vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyetoka kuogelea, na harufu ya sabuni ya mche.

Mtaa wetu wote ulikuwa na bomba moja. Maji yalitoka asubuhi, kidogo, halafu bomba likakohoa likanyamaza. Kila siku palikuwa na ngumi. Marehemu, hata meno ya mbele hayajaota vizuri, aliokota ufito akajiajiri kupanga ndoo za watu wazima.

"Mama Mapacha, ndoo yako imetoka mstarini!"

"We mtoto, nani kakupa hicho kifimbo?"

"Rudi nyuma kwanza, utaambiwa."

Na mtu mzima anarudi! Ngumi ziliisha. Watu wakaanza kuchota kwa salamu na vicheko. Ila mpango ule ulikuwa na kasoro moja: ndoo ya mama ilikuwa ya kwanza siku zote, hata mama mwenyewe akiwa bado amelala. Siku mama alipogundua, alimnyang'anya ufito, akamchapa nao kwenye miguu mbele ya kadamnasi, kisha akabeba ndoo yake mpaka mwisho wa foleni.

"Mama, si nakupendelea wewe!" kaka analia.

"Zamu ni zamu," mama akamwambia. "Hata mimi."

Siku hiyo maji yalikatika kabla hajafikiwa na nguo za watu zikalala chafu. Naomba bomba hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya mfereji kuanzia mwaka 1959, akafaulu, akaenda sekondari, na mwaka 1972 akapata cheti cha upimaji ardhi. Alikuwa na kichwa, hilo halina ubishi. Lakini mnaosoma hotuba za chama mtaambiwa alijisomesha kwa juhudi zake. Alisomeshwa na Dada. Dada aliacha shule darasa la nne ili viatu vyake vipate miguu mingine ya kuvivaa, na hiyo miguu ilikuwa ya kaka. Nilipomuuliza juzi niandike nini kuhusu elimu ya marehemu, alikuwa anamenya vitunguu, akasema, "Andika kwamba alikuwa na darasa lake na langu."

Alianza kazi halmashauri kama msaidizi wa mpima ardhi. Kazi ya kuvuta kamba na kupigilia vigingi. Aliipenda mno. Alikuwa anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, anatuambia mtaa gani umepinda na nyumba ya nani imetokeza barabarani, kama mtu anayesimulia dhambi za jirani. Mwaka 1978 alimuoa shemeji yetu, muuguzi, mwanamke mpole mwenye kicheko cha chinichini. Siku ya harusi bwana harusi aliinuka mezani kwenda kupanga foleni ya chakula, akairudia mara mbili kwa sababu wajomba walikuwa wamesimama zigizaga. Shemeji husema, "Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na kamba ya kupimia." Walijaliwa watoto watatu. Binti wao mkubwa alipovunjika mkono, shemeji alitaka aingizwe moja kwa moja kwa daktari, maana yeye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa hospitali ile. Kaka akakataa. Alimkalisha mtoto kwenye benchi nyuma ya watu wenye mafua, mkono unaning'inia, mpaka zamu yao ilipofika. Shemeji hakumsemesha mpaka bandeji ilipofunguliwa, na hata ilipofunguliwa alianza na neno "Pisha."

Aliingia udiwani mwaka 1985, umeya mwaka 1994. Hapa, ndugu zangu, lazima tumpe haki yake, na Dada amesema niiandike kwa herufi kubwa ili asije mtu akasema tuna roho mbaya: MAJI. Alileta maji. Mwaka 1996 kila mtaa ulipata bomba, na miaka mitatu baadaye yakaingia ndani ya nyumba. Wanawake waliokuwa wameota kipara utosini kwa kubeba ndoo walianza kusuka nywele upya. Mimi ni kinyozi, haya mambo nayaona kwa juu. Alichimba mitaro, mvua zikaacha kuingia vitandani. Alijenga wodi mpya hospitali. Na hakuwa mwizi. Kuna siku tulitamani angekuwa mwizi, maana mwizi akishiba anatulia. Yeye hakutafuta kushiba. Alitaka mji unyooke, na mji, kwa bahati mbaya, una watu ndani yake.

Soko la zamani alilivunja siku ya soko, asubuhi, bidhaa zikiwa mezani. Watu wakaomba wapewe nafasi watoe vitu vyao. Jibu likawa lilelile ambalo kila mmoja hapa ameshaambiwa angalau mara moja: "Fuateni utaratibu." Mzee mmoja muuza mkaa, mfupi, mbishi, mnamjua wote, alikaa chini mbele ya greda akakunja miguu kama mtu anayesubiri chai. Alibebwa juujuu akatupwa rumande. Alitoka kule sikio la kushoto halisikii. Kuanzia hapo, ukimsalimia kwa upande ule, anakujibu, "Upande huo ni wa Meya, njoo huku." Watoto wakacheka naye miaka yote. Yeye hakucheka.

Halafu mwaka 2003 ikaja ile ya makaburi.

Makaburi ya zamani, kama mnavyokumbuka, yalikuwa bondeni katikati ya mji, kati ya soko na reli. Marehemu alitaka kituo cha mabasi, na akipiga kamba yake kila upande, kamba inaishia kwa wafu. Likatoka tangazo: kila familia ihamishe watu wake mpaka makaburi mapya, yaani hapa tulipo, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Atakayebaki atasawazishwa. Neno lililotumika ni hilo, kusawazishwa, kama vile wazee wetu walikuwa matuta.

Na hapa penyewe aliweka sheria. Mkitoka lisomeni bango la langoni, sahihi yake ipo. Hakuna kuchagua nafasi. Hakuna kumwekea mtu nafasi. Hakuna ukoo wala cheo. Kila maiti analala baada ya yule aliyemtangulia, mstari ukijaa unaanza mwingine, na juu ya kila mtu bamba la saruji la ukubwa mmoja, lenye nambari tupu. Ukitaka kujua nambari ni ya nani, unamuuliza mchimba kaburi.

Mama alikuwa bondeni kule, karibu na reli. Dada akavua aproni, akaenda ofisi ya Meya. Yule dada wa mapokezi hakumjua.

"Una miadi?"

"Nina mama."

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao."

Dada akakaa kwenye benchi mpaka wahandisi walipoanza kutoka, na kaka katikati yao, kofia ngumu kichwani ndani ya jengo lenye dari.

"Dada! Si unaona nina wageni? Fuateni utaratibu tu."

"Mama yako naye ni utaratibu?"

Kaka akamvuta pembeni, akateremsha sauti. "Nikimpendelea mama, mji mzima utasema. Wewe si unajua alivyotufundisha?"

"Mama alikufundisha usimpendelee," Dada akamwambia. "Hakukufundisha umsahau."

Akaahidi kutuma vijana wa halmashauri. Hakuja kijana, hakuja mzee. Tukaenda wenyewe, Dada na mimi, na mchimba kaburi akatusaidia. Tulimtoa mama, tukamfunga kwenye shuka jeupe alilokuwa amelifua kwa mkono wake, limekaa kabatini miaka yote bila kutumika. Tukampeleka mahali. Wapi? Subirini.

Siku ya kusawazisha, kaka alipanda greda mwenyewe ili apigwe picha. Alitakiwa akae tu. Akaliwasha, akaliendesha kipande kizima kuelekea upande wa reli, watu wa magazeti wanakimbia nyuma. Jina la Greda lilizaliwa siku hiyo.

Halafu, ndugu zangu, alikuja kunyolewa. Akakaa kwenye kiti changu, nikamvisha shuka, akaniangalia kupitia kioo.

"Mama mlimtoa?"

"Muulize Dada," nikasema.

Akaenda jikoni kwa Dada. Dada alikuwa anasugua sufuria. Hakugeuka.

"Dada, mama mlimpeleka wapi?"

"Uliza greda."

Kaka alirudi kwangu nusu kichwa kikiwa kimenyolewa, akakaa, nikammalizia nusu iliyobaki.

Tangu hapo aliamini amempitia mama kwa tairi zake mwenyewe. Stendi ilipokamilika, upande wa reli akazungushia vyuma kipande kidogo, akapanda maua, akapiga marufuku basi kuegesha. Mji ukasema anajitengenezea nafasi ya sanamu. Kila Jumapili alienda pale akavua kofia, akasimama. Makondakta hawana adabu, mnawajua. "Mheshimiwa, unasafiri? Twende, ya dirishani ipo!" "Mwacheni, anangoja basi la miguu!" Dada alikuwa anapita pale akielekea kazini, anamwona, anaendelea na safari yake.

Mimi nikamwambia, "Dada, si umwambie tu?"

"Ataambiwa zamu yake ikifika."

Na angetaka, kulikuwa na mtu mmoja wa kumjibu bila kinyongo: mchimba kaburi. Walikutana mara nyingi, Meya akija kukagua hapa. Lakini kaka hakuwahi kumuuliza yule bwana kitu kingine zaidi ya "Mistari imenyooka?" Anajibiwa imenyooka, anapanda gari.

Uchaguzi wa mwaka 2006 alishindwa vibaya, hata mtaa wetu ulimkataa. Watu walipiga vigoma kwenye mabeseni. Chama kilichokuwa kikimwita Simba kikasahau namba yake ya simu. Leo kimeikumbuka, kimeleta mashada na bendera, na katibu ameniletea kurasa nne za kumwaga asali. Nimezitandika chini ya kiti changu pale kwangu, nywele zinadondokea vizuri.

Ugonjwa. Alipigwa na kiharusi Januari 2019. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Alipelekwa kwenye wodi aliyoijenga, jina lake likiwa ukutani kwenye bamba la shaba, na muuguzi msichana mdogo akaacha kiti chake cha magurudumu kwenye korido. "Baba, subiri, zamu yako bado." Shemeji alitaka kufungua mdomo, kaka akamzuia kwa mkono uliobaki. Alisubiri. Hapo nami nakiri mtu huyu alikuwa anakunywa dawa aliyotunywesha wengine.

Alilala na kuamka, alitoka na kurudi wodini, kwa zaidi ya miaka miwili. Mimi nilienda kumnyoa. Dada alienda kumlisha, kila siku, bila kukosa, uji anaupooza kwa kumimina huku na huku. Hakumwachia muuguzi kijiko hata mara moja. Na kila siku swali lilikuwa lilelile.

"Mama. Wapi?"

"Meza kwanza."

"Wapi, Dada?"

"Fuata utaratibu."

Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi, la kulia halikuweza. Dada alimfuta kwa kona ya aproni, akaendelea na kijiko.

Siku moja shemeji alishindwa. "Dada, mwambie basi! Mtu anakufa huyu!"

"Na mama kule bondeni alikuwa anafanya nini, anacheza?"

"Wewe una moyo wa jiwe."

"Ungekuwa wa jiwe, mlipoupitia juu mngejua," Dada akasema. "Mpanue mdomo, uji unapoa."

Mara ya mwisho kuongea sentensi nzima, alinishika mkono wenye wembe, nikashtuka. Akasema polepole, kama mtu anayevuta kamba ndefu, "Mnilaze... kwa mama." Nikamwambia, Mheshimiwa, tulia, nitakukata. Akatulia.

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Agosti 2021, mchana, wakati chakula kinagawiwa wodini. Muuguzi anasema alikuwa ananyoosha pindo la shuka kwa mkono wa kushoto. Pindo lilikaa sawa. Mkono ukabaki pale.

Alhamisi tukakaa kikao jikoni kwa Dada, kwa sababu Dada alisema watoto wa shule hawawezi kulala njaa eti Meya amekufa. Katibu wa chama alikuja na mpango umeshachorwa.

"Chama kinapendekeza Mheshimiwa alazwe stendi, ndani ya bustani yake. Sanamu itafuata. Na isitoshe, mama mzazi yuko pale pale, kwa hiyo ombi la marehemu litakuwa limetimizwa."

Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini akashika meza.

"Pale chini," akasema akipata pumzi, "kuna mchanga na chupa za soda."

Ndipo akasema. Mama yuko hapa. Yuko kwenye makaburi haya haya, mstari wa kwanza, wa kwanza kabisa, ukiingia langoni mkono wa kulia. Alizikwa hapa kabla hapajafunguliwa. Na siku ya kufungua, waliohudhuria mtakumbuka, jukwaa liliwekwa mahali pale pale, kwa sababu ndipo palipokuwa pamesawazishwa vizuri. Kaka alisimama juu ya mama, akahutubia kuhusu nidhamu, akakata utepe, tukapiga makofi. Dada naye alipiga makofi. Anasema aliyapiga taratibu.

Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shemeji alikuwa analia.

"Dada! Miaka yote hiyo anapelekea mabasi maua!"

"Mabasi nayo yalistahili."

"Basi yameisha. Umemlipa. Leo si alale kwa mama yake?"

Mchimba kaburi alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Akakohoa. "Kati ya mama na ukuta wa lango kuna kinjia. Mtu mmoja anaenea. Mkisema, nachimba, na nani atahesabu?"

Wote tukamwangalia Dada. Hata mimi, nasema kweli, nilitaka aseme ndiyo. Nimemnyoa kaka yule tangu ana nywele nyeusi. Dada akaokota mwiko, akausuuza bombani. Alikaa kidogo anaangalia maji yanavyotoka, yale maji ya kaka. Akafunga bomba.

"Bango la langoni linasema nini?"

Mchimba akajibu. "Hakuna kuchagua nafasi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya marehemu."

"Ehe."

"Hicho ni kisasi, Dada," shemeji akasema.

"Ndiyo," Dada akajibu. "Ulidhani ni nini?"

Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, ndiyo maana tuko huku mwisho. Hakuna aliyemtupa. Hii ndiyo nafasi iliyofuata. Aliyemtangulia, bamba lile ambalo saruji yake bado ni mbichi, ni yule mzee wa mkaa, tuliyemzika hapa Jumanne. Wamelazwa bega kwa bega, na mchimba amenihakikishia kwamba kaka ameangukia upande wa sikio la kushoto. Ataongea sana. Upande wa pili bado uko wazi kwa atakayefuata, msisukumane. Katibu, angalia afya yako.

Kuna watakaosema leo siyo siku ya kuyasema haya. Wengine watasema tumempunguzia. Mimi sijui mizani ya namna hiyo. Najua kwamba leo asubuhi nimeoga kwa maji yake, na nikaja hapa kwa basi kutoka stendi yake, na njiani nikampita mjane mmoja aliyekuwa na meza soko la zamani, ambaye mpaka leo anauza juani kwa sababu yake. Nikamsalimia. Akaniuliza, "Ndiyo leo?" Nikamwambia ndiyo leo. Akasema, "Haya, mwambieni afuate utaratibu," halafu akanipa ua moja, akakataa nimlipe. Lipo hapa mfukoni. Sijui alimaanisha nini, nitaliweka.

Marehemu ameacha mke, muuguzi mstaafu. Binti mwalimu, aliye mbele hapa, ambaye mkono wake ulipona vizuri. Kijana fundi umeme. Na kitinda mimba aliye ng'ambo, anayetusikiliza kwa simu ya shangazi yake. Ameacha wajukuu wanne, ambao tangu wameshuka kwenye gari wamesimama kwa mstari bila kuambiwa na mtu. Ameacha dada yake mkubwa na mdogo wake kinyozi. Ameacha maji.

Tukishamaliza kutupa udongo, tunaomba mtoke mmoja mmoja kwa njia ya katikati, angependa hivyo. Mkifika langoni, mkono wa kushoto mkitoka, bamba la kwanza, yule ni mama yetu, mfua nguo. Mnaotaka kumsalimia mnakaribishwa. Dada atakuwa amesimama pale. Kutoka kwa mama mpaka hapa ni umbali wa mtu kuita akasikika. Dada anasema kama kaka ana jambo na mama, aite. Mama akitaka, ataitika.

Apumzike kwa zamu yake.